Kiwanda Husimama Lami Inapokomea

Katika mikutano ya kisiasa ya huku kwetu ziwani hakuna ahadi iliyozeeka kama ile ya kiwanda cha samaki. Mgombea hupanda jukwaani pale Mbita, akaelekeza kidole majini na kuuliza, "Samaki ni wa nani?" Umati humjibu. Huuliza tena, "Na kiwanda kiko wapi?" Umati hucheka kicheko cha uchungu, kura hupigwa, miaka mitano hupita, naye hurejea na swali lile lile kana kwamba sisi ndio tuliokificha kiwanda hicho. Nia ya makala haya si kumsuta mgombea yeyote. Nia yake ni kuuliza lile ambalo jukwaani haliulizwi: ni nini hasa kinachoamua mahali pa kujengwa kiwanda? Tukilijua hilo tutajua pia tumdai nani, na tumdai nini.

Mnamo mwaka 1909 mtaalamu wa uchumi wa Ujerumani aitwaye Alfred Weber alitoa kitabu juu ya suala hili, na hoja yake ya msingi haihitaji shahada ya chuo kikuu kuielewa. Mwenye kiwanda hulipa nauli mara mbili: ya kuleta mali ghafi na ya kupeleka bidhaa sokoni. Ikiwa mali ghafi hupungua uzito mwingi inapotengenezwa, ni upumbavu kuibeba safari ndefu, kwa maana utakuwa unalipia nauli ya takataka. Basi kiwanda huvutwa kuelekea kwenye mali ghafi. Lakini ikiwa bidhaa huongezeka uzito kiwandani, kama soda ambayo sehemu yake kubwa ni maji, na maji yako kila mahali, basi kiwanda huvutwa kuelekea kwa wanywaji. Ndiyo sababu hakuna mtu mwenye akili zake angejenga kiwanda cha soda mashambani kisha abebe maji kupeleka mjini.

Sheria hiyo tunaiona kwa macho yetu hapa Nyanza Kusini. Tazama Awendo, katika kaunti ya Migori. Kiwanda cha sukari cha Sony kilianza kazi mwaka 1979 katikati ya mashamba ya miwa, na wala haikuwa kwa hisani ya mtu. Tani 10 za miwa hutoa takriban tani moja ya sukari, na muwa uliokatwa huanza kupoteza utamu wake siku ile ile. Kuibeba miwa hadi Nairobi kungekuwa kubeba maji na makapi. Vivyo hivyo pamba: theluthi mbili hivi za uzito wa pamba itokayo shambani ni mbegu, kwa hiyo vinu vya kuichambua viliwekwa karibu na wakulima, Kendu Bay na Homa Bay, ilhali kiwanda cha nguo, Kicomi, kilikaa Kisumu kwenye reli. Viwanda hivyo vya pamba vilikuja kufa kwa sababu nyingine, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Tazama na omena. Anatoka majini akiwa amejaa maji, na akina mama wa Mbita, wa Rusinga na wa Mfangano humwanika juani hadi maji yote yakauke, ndipo magunia yapakiwe malorini. Kiwanda cha omena ni jua, mchanga, nyavu kuukuu na mgongo wa mwanamke ulioinama tangu alfajiri. Kiko ufuoni hasa, pale pale ambapo Weber angekiweka, kwa kuwa hakikuhitaji mtaji wa tajiri wala waya wa umeme. Lakini magunia yakishafika Nairobi, Thika au Nakuru, omena huchanganywa na nafaka na kugeuzwa chakula cha kuku, na kiwanda cha namna hiyo hukaa karibu na wafugaji wengi. Halafu mfugaji wa kuku wa Rusinga hununua mfuko wa chakula hicho katika duka la hapa kwetu. Amelipia omena wake nauli ya kwenda, na sasa analipia ya kurudi.

Sasa tufike kwa mbuta, maana hapo ndipo penye kidonda.

Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali, huku aina nyingi za samaki wa asili zikitoweka. Ulaya ilimpenda. Viwanda vya minofu vikaanzishwa haraka katika nchi zote tatu za ziwa hili. Sasa piga hesabu. Kilo 100 za mbuta mzima hutoa kilo 40 hivi za minofu. Kilo 60 zinazobaki ni kichwa, mifupa, ngozi na matumbo. Juu ya hayo, mbuta huoza upesi, na ili asafiri hana budi kulazwa katika barafu, nayo barafu ina uzito wake. Kama kuna mali ghafi iliyostahili kutengenezwa pale pale inapotua, ni mbuta. Kwa sheria ya Weber, Mbita ingekuwa na kiwanda, na Sori ingekuwa na kiwanda, na pengine Muhuru Bay pia.

Viwanda vilijengwa wapi? Baadhi vilijengwa Nairobi, mbali na harufu ya ziwa. Vingi vilijengwa Kisumu. Homa Bay ilipata kimoja, Migori ikapata kimoja. Chukua ramani ya barabara za miaka ile ya 1990 uweke alama penye kila kiwanda, nawe utaona siri yenyewe: kiwanda kilisimama pale lami iliposimama. Migori iko juu ya barabara kuu iendayo Tanzania. Homa Bay ilifikiwa na lami kutoka Rongo. Kutoka Homa Bay kuja Mbita, kilomita 40 hivi, kulikuwa na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mbele ya Mbita, visiwani, kulikuwa na mitumbwi tu.

Wasomi watasema kwamba hapo sheria ya Weber imevunjwa. Haikuvunjwa hata kidogo. Mwenye kiwanda alifanya hesabu yake sawasawa. Minofu iliyofungwa vizuri lazima ifike uwanja wa ndege wa Nairobi ikiwa baridi, au ifike bandari ya Mombasa ikiwa imeganda. Kucheleweshwa kwake kwa usiku mmoja ni hasara ya tajiri. Lakini mbuta mzima akichelewa kutoka ufuoni, hasara hiyo ni ya nani? Si ya tajiri, maana bado hajamnunua. Kwa hiyo tajiri alikiweka kiwanda pale ambapo sehemu mbovu ya safari ingebaki mikononi mwa mvuvi, na sehemu nzuri ingebaki mikononi mwake. Nauli haikupotea, ilihamishwa tu, ikaenda kukaa kwenye bei ya kilo moja ya mbuta ufuoni.

Niliyaona hayo mwenyewe. Mnamo Novemba 1997, mvua za El Niño zilipokuwa zimepamba moto, nilikuwa kijana nikimsaidia mjomba wangu kwenye mizani. Lori la wakala lilipakia samaki wetu jioni, likakwama njiani kabla ya kufika Homa Bay, likalala huko na mchana wa pili ukapita. Barafu iliyeyuka yote. Walipofika kwenye lango la kiwanda, samaki walipimwa kwa pua, sehemu kubwa ikakataliwa. Wakala alirejea akiwa na karatasi ndogo yenye hesabu, akakata fedha za samaki waliooza kutoka kwa wavuvi, mmoja mmoja. Mjomba aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mpwa wangu, kumbe barabara ikiharibika, mimi ndiye niliyeiharibu." Wiki chache baadaye Ulaya ikafunga milango yake kwa samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ikaifunga tena kwa hofu ya sumu. Lakini hayo yalipotupata sisi tulikuwa tumekwisha kuzoea kulipia makosa ya wengine.

Kuna jambo lingine ambalo waheshimiwa hawalitaji. Kiwanda kinapokwenda, masazo yake huenda nacho, na masazo ya mbuta ni chakula na ni ajira. Mifupa iliyokwisha kuvuliwa minofu, ambayo sote tunaijua kwa jina la mgongo wazi, iliwalisha maelfu ya watu waliokuwa hawana tena uwezo wa kununua samaki mzima. Biashara hiyo ilistawi wapi? Obunga, kando ya viwanda vya Kisumu, ambako wanawake walikausha na kukaanga vichwa na mifupa na kuviuza hadi mbali. Siwaonei wivu dada zetu wa Obunga. Kazi yao ni ya moshi na macho mekundu. Nasema tu kwamba samaki huyo alivuliwa katika maji yetu, nyama yake ikaenda Uholanzi, mifupa yake ikabaki Kisumu, na Mbita ikabaki na nyavu za kushona.

Basi, ikiwa kiwanda hufuata lami, lami yenyewe hufuata nini? Hapa ndipo uchumi unapokutana na siasa, na hapa ndipo wataalamu wengi hunyamaza.

Mwanzoni ilifuata reli, nayo reli ilifuata maslahi ya mkoloni. Reli ilipofika ziwani mnamo Desemba 1901, iliishia pale palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo. Bidhaa zikalazimika kushuka meli na kupanda behewa mahali hapo, na popote mzigo unapohamishwa kutoka chombo hadi chombo, viwanda huota. Baada ya Uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 uliweka wazi kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza pale zitakapozalisha zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme. Kwa maneno mengine, aliye na barabara aongezewe barabara. Waraka huo ulitoka katika wizara ya marehemu Tom Mboya, na Mboya amezikwa Rusinga, mwendo mfupi kutoka Mbita. Simlaumu marehemu. Aliamini kwamba utajiri ukishakua katikati utasambaa pembeni, na aliuawa mwaka 1969 kabla ya kuona kama ungesambaa. Lakini kila nipitapo njia ya kuelekea kaburini pake huwaza kwamba nchi yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa pembeni.

Halafu ukaja wakati ambapo hata kipimo hicho cha uzalishaji kiliwekwa kando. Wazee waliosimama kudai vyama vingi walisema kwamba barabara za Kenya zinajengwa kwa kabila la Rais, nao wakaitwa wachochezi. Mwaka 2015 jarida la wanauchumi wa Marekani lilichapisha utafiti wa Robin Burgess na wenzake, waliopekua matumizi ya barabara ya Kenya kutoka 1963 hadi 2011, wilaya kwa wilaya. Waligundua kwamba wilaya zenye kabila moja na Rais zilipata fedha za barabara maradufu, na urefu wa lami iliyojengwa huko ulikuwa mara tano ya haki yao kwa hesabu ya watu. Wakagundua na jambo la pili, ambalo ningependa kila kijana anayesema kwamba mageuzi hayakuleta kitu alisome mara mbili: upendeleo huo ulikuwa mkubwa wakati wa utawala wa chama kimoja, na ulififia katika vipindi vya ushindani wa vyama. Kifungu cha 2A kilipofutwa mnamo Desemba 1991, watu wengi walidhani kinachopiganiwa ni haki ya kupiga kelele. Kumbe ndani yake mlikuwa na changarawe na lami, na ndani ya lami mlikuwa na kiwanda.

Lakini tusidanganyane pia. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba ukipata mfadhili na jengo, mambo yamekwisha. Hao nawapeleka Kalokol, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway iligharimia kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, pamoja na barabara ya kukifikia. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi mno kikafungwa, kwa sababu gharama ya kugandisha samaki katika jua lile ilizidi thamani ya samaki mwenyewe, na Ghuba ya Ferguson waliyoitegemea ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na misaada ikakatika. Jengo lilikuwepo, barabara ilikuwepo, kisichokuwepo ni umeme wa bei nafuu. Nauli ni sehemu ya hesabu, si hesabu nzima, na siasa ikijenga kiwanda bila hesabu hujenga ghala la popo.

Na sisi je? Lami ilifika Mbita hatimaye, katika miaka iliyoizunguka Katiba ya 2010. Ninashukuru. Safari iliyokuwa ya nusu siku leo ni ya chini ya saa moja, na mgonjwa hafii tena kwenye tope. Lakini ilipofika, mbuta alikuwa amepungua, na viwanda vingi vya minofu vya Kisumu vilikuwa vikifunga milango kimoja baada ya kingine kwa kukosa samaki. Tulipewa njia ya kupeleka mali sokoni baada ya mali kwisha. Hesabu ya ucheleweshaji huo sijaiona katika kitabu chochote cha Serikali.

Tena barabara haina upande. Mwanauchumi wa Marekani Paul Krugman, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2008, alionyesha tangu 1991 kwamba nauli inaposhuka, viwanda vinaweza kukimbilia mjini badala ya kuja kwetu, kwa sababu sasa ni rahisi kutuuzia kutoka mbali. Usiende mbali kutafuta ushahidi. Samaki waliofugwa China wamekuwa wakivuka bahari ndani ya makontena yenye baridi hadi Mombasa, kisha wakipanda hadi masoko ya Kisumu, na huko huuzwa kwa bei ya chini kuliko ngege wa ziwa lililo chini ya mlima. Nauli ya baharini kwa kilo moja ni ndogo kiasi hicho, nayo nauli ya kutoka Mfangano kwa mtumbwi wa injini, pamoja na barafu iliyonunuliwa mbali, ni kubwa kiasi hicho.

Kwa hiyo mimi siombi tena kiwanda. Mgombea atakayekuja mwaka 2027 na kuuliza kiko wapi, nitamwambia akiache huko huko kiliko. Ninachotaka kujua ni mambo madogo, yale yanayofanya kiwanda kije chenyewe bila kuitwa. Barafu ya Mbita huuzwa kwa bei gani, na kwa nini? Umeme wa ufuoni hukatika mara ngapi kwa wiki, na nani hulipia samaki wa usiku huo? Feri inavuka kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno. Mbona mizigo ya visiwani haina chombo cha namna hiyo, chenye ratiba na chenye sehemu ya baridi, ilhali maji ndiyo barabara pekee ambayo Mungu alitujengea bila zabuni? Na ikiwa tangu 2023 kaunti zinajengewa viwanja vya viwanda, je, hesabu ya nauli kutoka kila ufuo hadi kwenye kiwanja imefanywa, au mahali palichaguliwa kwanza na hesabu ikatafutwa baadaye?

Na kuna mali moja ambayo hata leo ingeweza kutengenezwa hapa bila kungoja chochote. Ndani ya tumbo la mbuta mna kifuko cha hewa, mabondo, ambacho kikikaushwa huwa chepesi kama karatasi na huuzwa Hong Kong kwa bei inayoipita nyama yake mara nyingi. Kwa kitu chepesi na ghali namna hiyo, nauli si kitu. Kinaweza kukaushwa, kupangwa kwa daraja na kufungwa mahali popote, hata Remba, hata Ringiti. Wanunuzi hukichukua kibichi ufuoni na kuondoka nacho mfukoni.

Serikali ya kaunti hulazimika kisheria kutuita tutoe maoni kabla ya kupitisha makadirio ya fedha. Mara nyingi tangazo hubandikwa, tukaenda, tukapewa soda iliyotiwa chupani Kisumu, tukatia sahihi. Mwaka huu nitakwenda na ile karatasi ya wakala ya mwaka 1997. Mjomba aliihifadhi.